Milango Yote Itazame Katikati

Kila Pasaka kanisa letu la Waswahili hapa Sydney hukodi uwanja nje ya jiji, tukapiga mahema na kukaa wikendi nzima. Zamani kila mtu alilala alipoegesha gari. Wakenya huku, Wakongo kule, na katikati moto wa kuchomea nyama, jambo lililoniudhi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilipopewa kazi ya kuandaa kambi, nikasema basi, imetosha. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya Westmead. Nimezoea kuwaambia watu wazima mahali pa kulala.

Nilipanga kama walivyopanga wana wa Israeli jangwani. Hema la ibada katikati. Walawi, waliolibeba safarini na kulilinda, wakalizunguka kwa karibu. Makabila mengine yakakaa pande zote nne, Yuda mashariki jua linakochomoza, na wote wakalielekea hema lile moja. Mpango huu naupenda kwa sababu hauna longolongo. Mtu akitoka kwake asubuhi, macho yake yanaanzia kwa Mungu kabla hayajafika kwenye sufuria.

Basi Ijumaa hiyo nilisimama uwanjani na nyundo ya mpira mkononi. Mzee mmoja wa kanisa, Mkenya mwenzangu, alikuja akiburuta mfuko wa hema.

"Sista, nimetoka shifti mbili. Wacha nilale karibu na gari."

"Utalala magharibi, mzee, kando ya Wakongo. Na mlango utazame katikati."

Alinung'unika, lakini alienda. Wote walienda.

Aliyenishinda ni mama mmoja Mkongo. Nilipofika nchi hii tulifanya kazi pamoja ya kutunza wazee huko Bankstown, na ni yeye aliyenilisha nilipokuwa sijui hata pa kununua unga. Nilimpenda kama mama yangu aliyebaki nyumbani. Lakini alikuwa ameishi kambi ya wakimbizi miaka mingi, na kila Pasaka mwanawe alimleta mchana, akamrudisha kwake Auburn jioni.

"Mu hema sitalala tena, binti yangu," aliniambia kila mwaka, naye hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Mwaka huo nilitaka abaki. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka mahema yakae sawa, na hilo si dogo kwangu.

Alishuka garini, akazunguka kambi yangu polepole, mikono nyuma. Alipofika kwenye hema la ibada akachungulia ndani. Mlikuwa na viti, ngoma na meza yenye kitambaa cheupe.

"Hapa katikati munagawaka nini?" akauliza.

"Hatugawi kitu, Mama. Tunaomba tu."

"Hakuna kupanga mustari?"

"Hakuna."

Kisha akaniambia kwamba kule kambi ya wakimbizi katikati palikuwa pa kugawia chakula, na milango yote ilitazama huko, maana aliyechelewa kuona lori la chakula alilala njaa. Alisema hivyo bila kulalamika. Mimi ndiye niliyelazimika kugeuza uso.

"Na hii hema ndogo, karibu hivi, ni ya nani?"

"Yangu. Hapo walikaa Walawi, wale waliobeba."

Akaniangalia juu mpaka chini, mimi na nyundo yangu.

"Weye ulibeba nini?"

Nilishusha nyundo.

"Mi nilibeba watoto watatu na hema mugongoni, na muvua inanyesha. Hamisha yako. Na umwambie kijana wangu atoe godoro yangu ku gari."

Godoro lilikuwa limekunjwa kwenye buti la gari tangu Auburn. Niling'oa hema langu mwenyewe, nikampigia lake palepale, mlango ukitazama katikati, mimi nikaenda kulala magharibi kando ya yule mzee anayekoroma.

Kesho yake wimbo wa kwanza ulisikika kabla hakujapambazuka. Ilikuwa sauti ya Mama, peke yake. Ratiba yangu ilisema ibada ni saa kumi na mbili, na ratiba yangu haichezewi. Nilijifunga leso, nikaenda kumwitikia.