Mkaa wa Mama Makopo

Siku mvua ilipoanza, Mama Makopo aliinua gunia lake la mkaa, likaja juu jepesi kama foronya. Tupu. Yaani hata chenga zimekung'utwa.

Sasa usiseme "si mkaa tu". Jiko lenyewe la kuupata alilitoboa kwa msumari na mkono wake: kopo dogo la rangi ndani ya kopo kubwa, matundu chini, matundu juu. Anajaza vijiti na magunzi, anawasha kwa juu, na majirani walimcheka mpaka wakashika mbavu. Lakini moshi wenyewe ndio unaoshika moto, chakula kinaiva, na mle ndani unabaki mkaa mwepesi. Ukizubaa kidogo, umekuwa majivu. Kwa hiyo kila akiipua sufuria, kabla hajapakua, mbio kuumwagia maji, huku watoto wanalia njaa. Halafu anauloweka kwenye maji ya samadi ya mbuzi mpaka ushibe, ndipo uingie kuurutubisha udongo wa kile kitalu cha nyuma ya nyumba ambacho hata magugu yamekisusa. Msimu mzima anakusanya, anasubiri mvua apande.

Na mvua ndiyo hii.

Hakuuliza mtu. Pua ilimpeleka chumba cha mbele kwa wifi yake, dada wa mumewe, dobi. Pasi ya mkaa inafuka, chumba kizima kinanuka zizi. Na wifi ndiye aliyenuna, eti wateja wamerudisha mashuka wakisema yananuka beberu, na sabuni alitia ya kutosha.

"Wifi, umechukua mkaa wangu."

"Si ulikuwa umekaa tu uani, umelowa? Nikauanika, nikautumia. Kwani mkaa kazi yake nini?"

Mama Makopo masikio yalimchemka kuliko ile pasi. Mbio zote zile na kopo la maji, zimeishia kwenye kola za watu. Alitafuta tusi la kumtosha wifi, akalikosa. Akaibeba pasi kwa mpini, akatoka nayo mvuani, akafungua kifuniko. Chwaaa.

"We, pasi yangu hiyo," wifi akasema kutoka mlangoni.

Mkaa uliobaki ulitosha shimo moja. Mama Makopo akaumwaga, akapanda mche mmoja, akaukandamizia udongo kwa hasira mpaka ukainama. Kisha akaikwapua pasi, mvua imeshaipoza, akaiweka kwapani.

"Utaipata gunia likijaa," alisema. "Vijiti viko uani, jiko unaliona. Unawasha kwa juu."