Radhi ya Mboni Haikuwa na Haraka

Watu wa Ngamiani, mjini Tanga, wakimtaja mke wangu Mboni husema, "Yule kobe, anayetembea na nyumba yake." Waache waseme. Mimi Mwinyijuma ndiye niliyeishi naye humo garini, na habari zake nazijua kuliko wao. Tena nazisimulia kwa raha, maana aliyekomeshwa ni Idarusi, shemeji yangu, na mtu yule sijampenda hata siku moja.

Baba yao alipopooza, Mboni ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji, akamgeuza kitandani. Idarusi alikuwa akija Ijumaa baada ya swala, anakaa barazani, anauliza "Mzee hajambo?", anakunywa kahawa yake, huyoo kaondoka. Miaka yote hiyo Mboni hakuvuka soko la Ngamiani. Dirisha la mgonjwa lilitazama njia, basi kazi yake ikawa kutazama malori yaendayo Pangani na Korogwe na kujiuliza yanaishia wapi. Aliniambia mwenyewe kwamba hakuota dhahabu wala kanga. Aliota kuifuata ile njia mpaka mwisho, bila haraka, alale popote anapochokea.

Siku moja mzee aliwaita wanawe wawili. Akasema, "Nyumba hii nimempa Mboni ningali hai. Idarusi, wewe ndiye shahidi."

"Nimesikia, baba," Idarusi akajibu.

Alisikia, wallahi! Lakini arobaini ya mzee haijesha, alikwenda mbele ya kadhi, akashika msahafu, akaapa kuwa nyumba alipewa yeye. Kadhi hana kosa, yeye huhukumu kwa anachokisikia. Mboni alirudi nyumbani akamkuta kaka yake kakaa barazani na kikombe mkononi.

"Sasa mimi niende wapi, kaka?"

"Beba godoro lako uende. Dunia pana."

Alisema huku anacheka. Mboni akajitwika godoro, akapita nalo mtaa mzima mchana kweupe, majirani wanamtazama na hakuna aliyefungua kinywa.

Mimi nilikuwa fundi wa cherehani na taa za karabai, na nilikuwa na lori kuukuu la jeshi nililolipata baada ya vita. Nilikusudia kubebea nazi kavu. Nilipomwoa Mboni, alilizunguka lile lori, akalipiga teke gurudumu, akasema, "Kaka kaniambia dunia pana. Basi nitaikaa yote." Nikamwita seremala. Akatujengea chumba cha mbao juu ya lori, chenye kitanda, kabati ya vyombo na madirisha mawili, na kwa nyuma akatutolea kijibaraza cha kukalia watu wawili. Mboni alikipenda kile kijibaraza kuliko alivyonipenda mimi.

Basi tukaondoka. Safari ya asubuhi moja sisi tuliifanya mwezi. Tukifika kijijini au kwenye kambi ya wakata mkonge, mimi natengeneza cherehani za watu, Mboni anakaanga vitumbua, na hatuondoki mpaka kazi iishe au yeye achoke na mandhari. Wanawake wa makambini, Wakristo kwa Waislamu, walimpenda, maana alikuwa anasikiliza. Nami nikadhani ameshasahau yaliyompata. Thubutu! Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila alipolianika juani lile godoro alilipiga fimbo kulitoa vumbi, na kwa kila fimbo alilitaja jina la kaka yake.

Mwaka wa hamsini na nne tukiwa Muheza, habari zikatufikia. Idarusi anakwenda Makka! Meli ya mahujaji itaondoka Tanga katika Mfunguo Pili, mwezi wa kabla ya hija, ipitie Mombasa, ielekee Jidda. Kanzu za safari zimeshashonwa, pilau ya khitma imeshaliwa, na watoto wa mtaani wameshaanza kumwita Haji. Ila mtu hendi kuhiji na dhuluma shingoni. Ni lazima awazungukie aliowakosea, aombe radhi. Ngamiani yote alikwisha kuimaliza. Amebaki dada yake, na shekhe wa mtaa alimwambia wazi, "Bila radhi ya Mboni, unakwenda kutembea tu."

Mboni aliposikia alikaa kitako akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akapangusa macho.

"Mwinyijuma, washa gari."

Idarusi akaja Muheza, akakuta majivu ya jiko letu. Akatufuata Maramba, tumeshatoka. Wake wa vibarua walikuwa wakimpasha Mboni habari: "Bi Mboni, kuna bwana wa koti anakuulizia, kachoka huyo!" Naye anafungasha sufuria. Tukapita njia za mashambani, mkonge kushoto, mkonge kulia, mpaka Pangani, tukaingiza lori kwenye pantoni kuvuka mto kwenda Bweni. Ndiyo kwanza tunatua ng'ambo, tukasikia kelele nyuma yetu.

"Shemeji! Zima gari! Mboni!"

Alikuwa Idarusi, amesimama ukingoni upande wa Pangani, shekhe wa mtaa kando yake. Akawa anaita mwenye mtumbwi amvushe.

"Ukikanyaga mtumbwi naondoka!" Mboni akapaza sauti kutoka kijibarazani. "Sema hapo hapo ulipo! Shikamoo, Shekhe!"

"Marahaba, mwanangu!"

"Nisamehe, dada!" Idarusi akalia.

"Nikusamehe nini?"

"Yale yaliyopita!"

"Yepi? Sisikii!"

Siku ile upepo ulikuwa umetulia, na wapiga kafi waliokuwa katikati ya mto hawakutaka kupitwa. Kila neno la Idarusi wakalipokea na kulipaza zaidi. Watu wakajaa kingo zote mbili.

"Niliapa uongo!" akasema Idarusi, na sauti ikamkatika.

"Anasema aliapa uongo!" wakapokea wa mitumbwini.

"Kwenye nini?"

"Kwenye msahafu!"

"Nyumba ya nani?"

Shekhe akamgusa bega. Ndipo Idarusi akapiga ukelele ambao hata mimi niliyeko kwenye usukani niliusikia bila kusaidiwa: "Yako, Mboni! Nyumba yako!"

Nilimtazama mke wangu. Alikwisha kuyangoja maneno hayo miaka, na sasa Pangani na Bweni wote ni mashahidi wake.

"Basi toka humo," akasema. "Nitakuja Ngamiani mwenyewe. Nikikuta mlango uko wazi na vyako umetoa, radhi yako nitakupa mkononi. Shekhe, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Atatoka!"

Mimi nilidhani tutageuza pale pale, maana kutoka Pangani hadi Tanga hata kwa lori letu bovu ni nusu siku. Mboni akasema ana hamu ya kuiona Ushongo kwanza. Tukakaa Ushongo, akawa anaokota makome ufukweni. Tuliporudi ng'ambo akakumbuka cherehani za watu wa Mwera. Kutoka Mwera tukaweka kambi Kigombe, na hapo nikamwambia, "Mke wangu, meli ya wale mahujaji haikai sana bandarini."

Akanitazama kama niliyeuliza bei ya chumvi.

"Radhi nimemwahidi. Mbio sikumwahidi. Nipe unga, niloweke wa vitumbua."

Ndipo nilipomwelewa, na sikuuliza tena.

Tulipoingia Ngamiani, mlango wa nyumba ya mzee ulikuwa wazi, na ndani mmefagiliwa. Idarusi alikuwa ng'ambo ya njia, kwenye baraza ya jirani, kavaa ile kanzu ya safari, kakalia godoro lililokunjwa. Mboni akaingia, akapita chumba kwa chumba, akafungua dirisha la mgonjwa, akasimama hapo kitambo. Akatoka. Akavuka njia, akampa kaka yake mkono mbele ya mtaa mzima.

"Kaka Idarusi, nimekusamehe duniani na akhera. Nenda kahiji salama."

Idarusi aliutazama ule mkono.

"Meli imeondoka juzi, Mboni."

"Lo! Pole, kaka. Sisi watu wa magurudumu hatuna haraka."

Akarudi, akaufunga mlango, ufunguo akaupiga fundo kwenye pembe ya kanga. Idarusi akainuka.

"Kumbe hukai humo? Na mimi nikae wapi?"

Mboni alilitazama godoro lile, akamtazama mwenye godoro, kisha akapanda kijibarazani kwake, akakaa. Mimi nilikuwa nasikia raha.

"Mwinyijuma," akasema, "washa gari. Tupite mtaa mzima, polepole."