Gitaa la Shangazi Halilali Stoo

Hasira za watu wengi huisha wakishalala na kuamka. Za Shangazi zilidumu miezi saba, na ndani ya miezi hiyo alitengeneza gitaa.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Ni fundi cherehani, na anashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, na kioo chenye ufa chini ambamo mteja hujiona vizuri hadi magotini tu, kwingine akisie. Jumapili huwa hashoni. Kwa miaka tisa Jumapili zake zilikuwa za bendi, na kwenye bendi alikuwa anapiga besi, lile gitaa la nyuzi nne nene ambalo watu hawalisikii mpaka siku linapokosekana. Nilipokuwa mdogo nilidhani ule mvumo ni wa ukumbi wenyewe, kwamba kuta zikifurahi zinanguruma.

Inabidi nieleze bendi ile inavyoendeshwa, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Vyombo vyote ni vya mtu mmoja. Ndiye mwenye drams, magitaa, spika, mpaka nyaya za kuchomekea. Tunamwita Mzee Funguo, kwa sababu ya shada la funguo linalomning'inia kiunoni na kutangulia kufika kabla yake. Mazoezi yakiisha kila kitu kinaingia stoo, anafunga kufuli mbili, na wanamuziki wanaondoka mikono mitupu. Chombo kinalala stoo, ndiyo sheria yao. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mpigaji hodari wa miaka tisa, na Jumatatu asiwe na kitu cha kupiga. Niliwahi kumuuliza Shangazi kama hilo halimkeri. Akasema ndivyo bendi zilivyo, na nitoe mguu wangu, nakanyaga kitambaa cha mtu.

Sasa, binti wa Mzee Funguo akaolewa. Mume wake ni kijana mmoja wa viatu vyeupe pee, na kijana huyo alikuwa amejifunza nyimbo tatu za besi. Jumapili hiyo nilikuwepo, nimekaa juu ya sanduku la spika. Mzee Funguo alimwendea Shangazi katikati ya mazoezi, akamvua mkanda wa gitaa begani kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anayemvua mtoto begi la shule, akaenda kumvisha mkwe. Kisha akamwambia Shangazi akasimame na waitikiaji, kiitikio kimepwaya.

Shangazi aliuliza kosa lake ni lipi. Aliuliza kwa adabu, hata "mzee wangu" akaitia.

"Kosa hakuna," alisema Mzee Funguo. "Chombo ni changu. Ukitaka kupiga, leta chako."

Watu wakacheka. Mpiga drams, ambaye amekaa nyuma ya Shangazi miaka yote hiyo, alicheka mpaka kijiti kikamponyoka.

Njiani nilikuwa nasubiri alie ili nimbembeleze. Hakulia. Alikuwa anatembea mbio, anayataja makosa ya mkwe wimbo kwa wimbo: hapa kawahi, hapa kachelewa, hapa hata hajui yuko wapi. Tulipofika nyumbani hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti cha cherehani na kusema, si kwangu wala kwa Baba, kwamba atakileta.

Baba alishauri anunue gitaa lililo tayari, la dukani. Shangazi akamkata jicho. Alisema ya dukani yametengenezewa wanaume wenye mikono kama ngazi, na kwamba kwa miaka tisa amebeba gogo la watu kwenye bega ambalo wiki nzima limeinamia cherehani. Anataka mwili mwepesi na shingo nyembamba inayomtosha kiganja. Baba alipojaribu tena, akataja na presha yake, Shangazi aliweka mkasi mezani.

"Nataka kila skrubu niikaze mimi mwenyewe," alisema. "Halafu nione nani ataniambia ni yake."

Baba akanywea chai yake uani.

Vipande vilianza kuja kimoja kimoja, kila kimoja kwa muuzaji wake wa mtandaoni. Mwili ulitangulia: ubao wa rangi ya asali uliochongwa viuno viwili, bila hata tundu moja la skrubu, kwa sababu aliutaka hivyo. Shingo ilikawia. Tulikwenda ofisi ya vifurushi mara tatu, na mara ya tatu karani aliigeuza karatasi huku na huku, akasema hapa pameandikwa shingo, shingo ya nini.

"Ya yule wa mwisho aliyeniuliza maswali," alisema Shangazi.

Karani akagonga muhuri.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi nzuri namna ile huku amenuna. Mimi nilikuwa nadhani hasira inaharibu mikono, kwa sababu mimi nikikasirika hata daftari siandiki likasomeka. Shangazi alisugua ule ubao kwa msasa mpaka ukawa laini kama shavu. Alikata ramani ya karatasi ya kila kifaa, kama anavyofanya kwa kola na mifuko, akaipanga juu ya ubao na kuchora kwa chaki ya kushonea. Alipaka vanishi mara sita. Zile sumaku mbili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi alizifunga na kuunganisha nyaya zake kwa risasi ya kuyeyusha, na kifaa cha kuyeyushia alikiazima kwa fundi redio wa mtaa wa pili. Fundi redio alijitolea kuja kumfanyia. Aliambiwa akalale. Na muda wote huo, akikaza na kulegeza, alikuwa anajibizana na Mzee Funguo ambaye hayupo. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi yake alidhani anasemwa yeye, akaondoka bila kuijaribu.

Kisha ikaja zamu ya briji. Hicho ni kile chuma cha nyuma kinachoshika mikia ya nyuzi. Kikikaa mahali pake, kila noti inatoka ilivyo. Kikikosea, gitaa zima linasema uongo. Muuzaji wa shingo alikuwa ameandika kipimo: kutoka kile kipande cheupe kilicho juu ya shingo, mahali nyuzi zinapoanzia, hadi kwenye briji, sentimita themanini na sita na nusu kasoro kidogo. Shangazi alitoa futi yake, ile ya kitambaa anayoivaa shingoni kuanzia asubuhi hadi jioni. Akapima mara tatu, akatia alama, akatoboa.

Jumamosi mchana alivalisha nyuzi, akachomeka waya kwenye spika ndogo ya redio. Uzi wa kwanza ulipolia, pini zilitembea juu ya meza. Niliusikia kwenye magoti. Shangazi alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya viatu vyeupe nikauona uso wake umelegea.

Ulilegea kwa muda mfupi. Alipoanza kupanda shingo, noti kwa noti, sauti zikawa zinabaki chini, kama mtu mvivu anayepanda ghorofa. Mwanzoni ni kidogo, mimi nisingejua. Kufika katikati ya shingo hata mimi nilikunja uso. Alizungusha vile viskrubu vidogo vya briji vinavyosogeza mbele egemeo la kila uzi, akavizungusha mpaka vikagota, na sauti bado iko chini.

Hapo aliwaka. Alimwandikia muuzaji wa shingo ujumbe ambao sithubutu kuunakili hapa. Kwa ufupi, alimwita tapeli, akamwambia amemuuzia shingo iliyochongwa na mtu aliyelewa, na kwamba watu wa aina yake ndio wanaofanya watu wa aina nyingine wadhani wanawake hawajui vyombo. Muuzaji hakugomba. Alijibu kwa mstari mmoja: "Pole. Ulipima na nini, mama?"

Hilo "mama" ndilo lililommaliza. Shangazi alizunguka chumba akiuliza kuta kama fundi wa miaka ishirini anaulizwa amepima na nini. Amewavalisha maharusi kwa futi hiyo. Amewavalisha mapacha wasiopishana hata uzi. Alisema haya yote ameishika mkononi, anaipunga, na nadhani alitaka kumthibitishia muuzaji kabisa, kwa sababu alinyakua rula yangu ya shule kwenye daftari la hesabu na kuilaza sambamba na futi juu ya meza.

Thelathini ya futi ilikuwa imeipita thelathini ya rula. Si kwa unywele. Kwa upana wa kidole changu cha mwisho.

Alijaribu rula nyingine, ya Baba, ya chuma. Ikawa vile vile. Futi ilikuwa imevutika. Miaka yote ya kuning'inia shingoni, kuvutwa kwenye vifua na viuno vya watu, kitambaa chake kilikuwa kimelegea kidogo kidogo, na hakuna aliyejua. Nikamuuliza sasa hizo nguo zote mbona ziliwatosha watu. Alinitazama, nikaona anafikiri licha ya hasira. Akasema polepole kwamba alimpima mtu kwa futi hiyo, akakata kitambaa kwa futi hiyo hiyo, kwa hiyo uongo ulikuwa unaelewana wenyewe kwa wenyewe. Shingo ya gitaa imechongwa na mtu mwingine, kwa kipimo kingine. Briji ilikuwa imekaa nyuma kwa zaidi ya sentimita mbili.

Mimi niliona ni jambo la ajabu kuliko yote niliyosoma mwaka huo, nikataka kusema hivyo, lakini nilimtazama, nikairudisha rula yangu kwenye daftari.

Alimwandikia muuzaji tena: "Kosa ni la futi yangu. Samahani. Lakini usiniite mama." Kisha akachonga vijiti vya mbao, akavipaka gundi, akaziba matundu ya zamani, akangoja siku mbili, akatoboa upya kwa rula ya Baba. Briji ilisogea mbele na kuyaacha matundu mawili yaliyozibwa nje, kama makovu ya chanjo. Baba alisema yanaweza kufichwa kwa rangi. Shangazi aliyasugua kwa msasa, yakabaki wazi.

Safari hii kila noti ilitoka ilivyo.

Jumapili iliyofuata tuliingia ukumbini, yeye na gitaa kwenye mfuko alioushona mwenyewe. Mkwe alimwona akavua mkanda bila kuambiwa, na nadhani alishukuru, maana zile nyimbo tatu hazijawahi kufika tano. Shangazi alichomeka, akamtazama mpiga drams, na wakaanza. Sina maneno ya muziki. Nitasema tu kwamba waitikiaji waligeuka wote nyuma, na kwamba mzee mmoja fagio mkononi aliacha kufagia. Walipiga saa mbili. Mzee Funguo alitingisha kichwa mpaka mwisho, akaja amekunjua uso, akasifu ule ubao, akaupapasa. Akasema dada yangu umetuletea kitu. Kisha akafungua stoo na kunyoosha mkono.

"Lete tulilaze."

"Hili linalala kwangu," alisema Shangazi.

Mzee Funguo alicheka, akidhani ni utani. Alieleza sheria kama anayemweleza mgeni. Alisema mwanamuziki akiondoka na chombo, kesho atakuwa anapiga harusi za watu wengine, keshokutwa hana haja ya bendi. Alisema hayo waziwazi mbele ya kila mtu, na nilishangaa, kwa sababu miaka yote tuliambiwa vyombo vinafungiwa kwa kuogopa wezi.

Shangazi hakupandisha sauti, na mimi ninayemjua ndipo nikaogopa.

"Uliniambia nilete changu, nimeleta. Changu maana yake si wewe unayekifungia."

"Basi usirudi nacho hapa."

"Sirudi."

Alichomoa waya, akaukunja vizuri, akauweka juu ya spika kwa sababu ulikuwa wa bendi. Tukatoka. Hakuna aliyetufuata. Njiani alitembea mbele yangu, gitaa begani. Miezi saba, makovu mawili ya mbao, na bendi hana. Nilifikiri labda sasa atalia. Alipofika aliketi kwenye cherehani, akashona zipu ya suruali ya mtu kwa nguvu mpaka sindano ikakatika.

Jumanne, nikiwa nimetoka shule, mpiga drams aliingia na suruali ambayo haikuwa na tatizo lolote. Shangazi aliipindua ndani nje, akaipindua tena, akamrudishia. Yule bwana akasimama tu. Akauliza, anatazama sakafu, mtu akitaka kuagiza drams kipande kimoja kimoja, aanze na kipi.

"Siku ile ulicheka," alisema Shangazi.

"Nilicheka, dada."

"Kijiti kikakuponyoka."

"Ndiyo."

Alimwacha amesimama, akamalizia mshono uliokuwa kwenye cherehani. Mimi nilijifanya nasoma. Hatimaye alisukuma majora ya vitambaa pembeni mwa meza ya kukatia, akamwonyesha ile nafasi kwa kidevu, akachomeka gitaa kwenye ile spika ndogo. Mpiga drams hakuelewa mwanzoni. Kisha akavuta kigoda, akakunja mikono ya shati, akaanza kupiga meza kwa viganja, na Shangazi akaingia na zile nyuzi nne, uso umekunjamana vile vile.

Hawakufika mbali. Alisimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Umewahi," alimwambia. "Miaka tisa unawahi palepale. Anza tena."