Kuku wa Mgeni

Leo nimepikiwa kuku kwa sababu ya kiti.

Mtihani wa leseni ya uhandisi ni wiki ijayo. Nikieleza mada kwa sauti, kama namfundisha mtu, inaingia haraka kuliko kusoma kimyakimya. Mtu sina, kwa hivyo nimeweka kiti mbele yangu.

Tangu asubuhi nakieleza jinsi boriti ya zege inavyobeba uzito. "Umeelewa? Haya, tuendelee."

Saa saba nasikia hodi. Ni Mama Ayuma, jirani, na sinia: obusuma (ugali), ingokho (kuku), sahani mbili. Firigisi iko juu kabisa.

"Injinia, hiyo ni ya mgeni. Nimewasikia mkiongea tangu asubuhi. Mgeni hawezi toka kwetu na njaa."

Mwaka mzima hajaona mtu akiingia kwangu. Alikuwa amefurahi, jamani. Ningemwambia nini?

Nikasema mgeni ametoka kununua kredo ya simu.

"Sawa. Jioni nitakuja kumsalimia."

Nimekula sahani yangu. Ile nyingine nimeifunika.

Kuna mtu yuko Kakamega leo? Hata dakika kumi tu. Si lazima uongee.

Kiti kipo.