Sabuni Iliyokuwa Iende Rwanda

Mjomba wangu alikuwa wakala wa forodha pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na majivuno yake hayakuenea ndani ya ofisi yake. Ofisi yenyewe chumba kimoja cha mabati, meza mbili, taipu moja, na mimi nikiigonga. Miaka ile ya sabini alikuwa na wimbo mmoja tu: Uganda haiwezi kuishi bila sabuni yetu. Haya. Kuishi waliishi, tena bila sabuni. Wahindi waliokuwa wakiagiza mizigo kule walifukuzwa, maduka yakapewa watu wasiojua kuagiza hata kiberiti, pesa za kigeni zikakauka. Malori yaliyokuwa yakipanga foleni mbele yetu yakawa mawili kwa wiki, halafu moja, halafu vumbi.

"Watarudi hao," mjomba alisema, akinyoosha tai yake. Watanzania nao wakafunga mpaka wao, viwanda vya Nairobi vikabaki na mali hadi darini, na kila mwenye akili akaanza kutafuta wateja mbali zaidi: Rwanda, Burundi, Zaire. Wakala mmoja wa ng'ambo ya barabara, kijana tu, alijifunza Kifaransa cha kuombea maji na malori yakaanza kuegesha kwake. Mjomba alimcheka. Mimi nilimcheka mjomba, lakini kimoyomoyo, maana nilikuwa nalala kwake na kula ugali wake.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kigali akatupa lori moja la sabuni za miche kwa majaribio. Likifika salama, mizigo yake yote ingepita kwetu. Lisipofika, tufunge mlango turudi kijijini kwetu Mundika kupalilia mihogo. Hata mjomba alielewa hilo. Siku ile alivaa koti.

Sasa, mjomba alikuwa na desturi yake. Enzi za Uganda, mnunuzi alivuka kwa miguu, katoni ikafunguliwa mbele yake, mjomba akakata kipande cha mche, akanawa hadharani mpaka kwenye viwiko, akainua povu watu walione. Povu likiwa zito, walishikana mikono hiyo hiyo yenye maji na biashara imekwisha. Hakuwahi kuvusha sabuni ambayo hajainawa. Ungedhani ndiye aliyevumbua maji.

Lakini mali ya Rwanda ilikuwa inapita tu Uganda. Lori lilifungwa sili Nairobi, kipande cha madini ya risasi chenye mhuri kwenye waya, na lilitakiwa kufika Kigali hivyo hivyo. Hati zilieleza haya kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mjomba kiliishia kwenye salamu. Kazi yangu ilikuwa kumsomea kila karatasi. Asubuhi ile nilipoanza kusoma, aliniinulia mkono.

"Wewe piga taipu. Biashara niachie mimi, nilianza kabla hujaota meno."

Ebo! Damu ilinichemka. Mstari wa sili ulikuwa wa mwisho; niliuona, na sikumsomea. Nilitaka aaibike, nasema kweli. Nilitaka Malaba nzima imwone alivyo.

"Leta maji!" akaita, koleo mkononi. Dereva alikuwa amekwenda kunywa chai, hakuwepo wa kumzuia. Waya ukakatwa. Nilimmwagia maji kwa jagi, mimi mwenyewe. Akanawa, akainua povu, kina mama wauza ndizi wakapiga makofi, naye akatabasamu kama bwana harusi. Kisha akausokota ule waya kwa vidole, akaamini umefungwa.

Dereva aliporudi alishika kichwa. "Mzee, umeniua! Sili haiguswi!"

Pale getini afisa wa forodha hakuhitaji hata kuinama kuona kwamba sili imekatwa. Lori lilirudishwa uani, katoni zote zikashushwa kukaguliwa, na mtu wa Kigali alipopata habari akahamishia mizigo yake kwa yule kijana wa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimeupata mchezo wangu. Haukunichekesha hata kidogo.

Afisa alituita wawili ofisini kwake. "Mzee, leseni yako naichukua," alisema. "Lakini kama huyu karani hakukusomea masharti, kosa ni lake, na leseni utarudishiwa. Alikusomea?"

Mjomba akanigeukia. Alijua. Alijua kabisa ni nini nilisoma na nini niliacha, na kwa mara ya kwanza sikuona majivuno yoyote usoni mwake.

"Alinisomea yote," akasema. "Msichana hana makosa. Ni mimi sisikii."

Mdomo nilikuwa nao. Ningeweza kusema, na sikusema, mimi niliyekuwa na maneno mengi ya kumdharau kila siku. Mjomba akatoa leseni mfukoni mwa koti, akaiweka mezani, akanishika bega na kuniambia twende nyumbani.