Chini ya Cherehani

Fundi cherehani aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, amtazame mdogo wake, mwimbaji maarufu, akizungumza na mashabiki mtandaoni kuhusu kitabu cha maisha yake.

"Nani alikufundisha kuimba?" shabiki mmoja akauliza.

"Hakuna. Nilijilea mwenyewe."

Loo! Asante ya punda! Si huyu aliyelala juu ya vipande vya vitambaa chini ya cherehani hii hii, dada yake akikanyaga pedeli na kumwimbia mpaka asinzie? Fundi akaandika: "Na mimi dada yako, je?"

Mtangazaji aliyeongoza mazungumzo akausoma ujumbe kwa sauti. Mwimbaji akacheka.

"Ukipata jina, ndugu wanazuka kama uyoga."

Fundi akarudi kushona. Mteja aliyekuwa akisubiri gauni akashangaa.

"Mbona leo huimbi, dada?"

"Mwenye sauti huyo hapo kwenye simu. Msikilize yeye."