Fimbo Aliyojichagulia Tata Ntambwe

Miezi saba baada ya kumzika mkewe, Mama Kanku, Tata Ntambwe alivunjikiwa na fimbo yake ya gofu, ile ndefu yenye kichwa kikubwa ya kupigia mpira wa kwanza. Kichwa kilikuwa na ufa wa siku nyingi, na Jumamosi ile kikapasuka. Mpira ukaanguka katika dambo, bonde la majimaji linalokatiza mbele ya shimo la kwanza.

Rafiki yake Omer alimshauri awe anaanzia ng'ambo ya maji, pale wanapoanzia wanawake na watoto. Tata akakataa.

"Siku nitashindwa kuvusha mupira ile dambo, nitaacha. Nitabakia ku nyumba."

Binti yake Noëlla aliposikia neno hilo, aliogopa. Tangu msiba, baba yake alitoka nyumbani mara mbili tu kwa juma: Jumapili kwenda misa, na Jumamosi kwenda gofu. Siku nyingine zote alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, rozari mkononi, chakula kikipoa mezani. Noëlla alikuwa amemzika mzazi mmoja. Aliona kwamba Jumamosi ikipotea, baba naye atamfuata mama. Akasali, akaomba ruhusa shuleni anakofundisha, akamchukua baba yake kwenda mtaa wa Manika, kwa Stany, muuza vitu vilivyotumika.

Tata Ntambwe alizaliwa hapa hapa Kolwezi, mtoto wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai na kampuni ya madini. Tangu umri wa miaka kumi na mmoja alibeba mifuko ya fimbo za mainjinia. Alikuwa mtoto mwenye jicho la kupima watu. Akimtazama mtu anavyotoka kwenye gari, anavyoinua bega, alijua leo atampa fimbo gani, na mara nyingi injinia mwenyewe alikubali. Baadaye akawa fundi umeme kwenye bwawa la Nzilo kwa miaka thelathini. Yeye mwenyewe pia akacheza, lakini kwa fimbo za kupewa: moja ya mzungu aliyerudi kwao, nyingine ya daktari aliyefariki. Kujichagulia yake, hakuwahi.

Stany alikuwa nazo tatu, zimesimama ndani ya ndoo pamoja na mafagio. Tata akatoa ya kwanza, nyeusi, nzito, mpini wake mgumu kama chuma cha reli. Chini ya kichwa iliandikwa nambari nane na nusu. Aliishika kama mtu anayeshika mkono wa mkubwa wake wa kazi.

"Hii njo fimbo ya kweli," alisema. "Injinia moja nilikuwa namubebea alikuwa na ya hivi."

"Muzee anajua!" Stany akafurahi. "Kijana moja wa Kingamyambo aliitaka jana."

Tata akaizungusha mara moja hewani. Mdomo ukapinda kwa maumivu.

"Tata, bega," Noëlla alisema.

"Bega si kitu."

Ya pili aliipitisha ukucha pale kichwa kinapoungana na mpini, akaisikiliza, akairudisha. "Hii imekufa, iko na ufa." Ya tatu ilikuwa nyepesi, rangi ya zambarau, na herufi L kwenye mpini, alama ya fimbo za wanawake. Hata hakuigusa.

"Ile ni ya bamama."

Akarudi kwenye nyeusi, akaanza kuuliza bei. Noëlla aliona kitu ambacho hakuwa amekiona: baba yake alikuwa akimchagulia yule injinia, aliyeondoka miaka mingi iliyopita, mwenye mabega ya mtu wa miaka arobaini.

"Tata," alisema polepole, "ulibebea batu fimbo miaka mingi. Kama muzee moja angekuja kwako leo, miaka makumi saba na mbili, ungemupatia gani?"

Tata akamgeukia. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi:

"Anapiga haraka ao pole?"

"Pole."

"Mukono?"

"Bega ya kuume inamuuma. Na bidole, asubuhi habikunjike."

"Mupira wake unapanda?"

"Haupande tena. Unakimbia chini, unaingia mu maji."

Tata akatazama nyeusi kwa muda, akaiweka ndani ya ndoo. Akatoa ya zambarau, akaigeuza. Kumi na mbili. Nambari ikiwa kubwa, uso wa fimbo unalala nyuma zaidi, na mpira unapanda bila kulazimishwa. Akapinda mpini kidogo, ukainama na kurudi.

"Huyo muzee, ningemupa hii," alisema. "Na akikataa, ningemwambia abebe mufuko yake mwenyewe."

Stany alipunguza bei bila kubembelezwa, kwa kuwa wanaume wote waliikataa. Nyumbani Tata akaviringisha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli kwenye kishikio, ili kinenepe, vidole visikunjike sana.

Jumamosi Noëlla alimsindikiza uwanjani, na Omer akapiga kelele kutoka mbali. "Aba, Ntambwe! Fimbo yako inavaa kitenge?"

"Nyamaza, mi nasali."

Akafanya ishara ya msalaba, akapiga. Mpira haukwenda kwa nguvu. Ulipanda juu, ukakaa huko kana kwamba umesahau kushuka, kisha ukaanguka ng'ambo, hatua mbili kupita matete.

Omer alijikuna kidevu. "Uniazime kidogo, basi."

"Wewe uko mwanaume. Piga na yako."

Tata akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akafuta macho kwa mkono wa shati. "Mama yako angenicheka mwezi muzima," alimwambia Noëlla.

Mungu hakumrudishia mke wala bega. Alimpa Jumamosi thelathini na moja, na Tata Ntambwe alizitembea zote kwa miguu yake, mpaka ile aliyoamkia hospitali, asirudi tena nyumbani.